Hati za Safari: Ipi Uibebe kwa Karatasi, Ipi Ikae Simuni

Msafiri anayeondoka Dar es Salaam au Mombasa leo hubeba hati za namna mbili bila hata kukusudia: pasipoti na kadi ya chanjo zimo mkobani, ilhali tiketi, viza na uthibitisho wa hoteli vimo simuni, vimetawanyika kati ya barua pepe, WhatsApp na picha za skrini zilizopigwa kwa haraka. Mambo yakienda sawa, mchanganyiko huo haumsumbui mtu. Yakikwama, hukwama kaunta, mbele ya foleni, wakati nafasi ya kutafuta imeshapita.

Njia nyepesi ya kuamua ipi ichapishwe na ipi ibaki simuni ni kujiuliza hivi kuhusu kila hati: atakayeikagua ataujua ukweli wake kwa kutazama wapi? Zipo hati ambazo ukweli wake umo ndani ya kitu chenyewe, kama pasipoti. Zipo ambazo ukweli wake umo kwenye kompyuta ya shirika au ya serikali, na ulichoshika mkononi ni kielekezi tu, kama tiketi ya ndege na viza nyingi za mtandaoni. Tena zipo ambazo ukweli wake umo katika saini na muhuri wa aliyeziandika, kama barua ya ridhaa ya mzazi. Kila kundi lina matunzo yake, na wasafiri wengi hukwama kwa sababu wamelitunza kundi moja kwa namna inayolifaa jingine.

Pasipoti na nakala zake

Kenya ilianza kutoa pasipoti ya kielektroniki mwaka 2017, Tanzania ikafuata Januari 2018, na jina hilo la "kielektroniki" limewafanya baadhi ya watu waamini kwamba pasipoti sasa ni kitu cha mtandaoni. Kilicho cha kielektroniki ni chipu iliyofichwa ndani ya kitabu, ambamo zimehifadhiwa picha ya mwenye pasipoti na taarifa zilezile zilizoandikwa kwenye ukurasa wake, zikiwa zimetiwa saini ya kidijitali ya nchi iliyoitoa. Tazama chini ya ukurasa wenye picha yako: kuna mistari miwili ya herufi, tarakimu na alama za <<<, kila mstari ukiwa na nafasi 44. Mashine ya mpakani husoma kwanza mistari hiyo, ikachukua humo namba ya pasipoti, tarehe ya kuzaliwa na tarehe ya mwisho wa matumizi, ikavitumia kama ufunguo wa kuifungua chipu, kisha ikahakiki saini ya nchi. Picha ya pasipoti iliyomo simuni, hata ikiwa safi namna gani, haina chipu wala saini hiyo, na kwa ofisa wa uhamiaji ni picha tu.

Majaribio ya pasipoti ya simuni yapo. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, limeshaandaa viwango vyake, na Finland iliijaribu kuanzia Agosti 2023 kwa abiria wa Finnair waliosafiri kati ya Helsinki na Uingereza, lakini hata abiria hao walitakiwa wawe na pasipoti ya kitabu mfukoni. Kwa hiyo msafiri wa leo asiiache nyumbani kwa kutumainia teknolojia ya kesho.

Hali ni hiyohiyo kwenye vitambulisho vya taifa. Tangu mwaka 2014 raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wanaweza kutembeleana kwa kitambulisho, lakini kinachokubalika ni kadi yenyewe. Mtanzania anayevukia Namanga, Horohoro au Sirari anahitaji pasipoti au hati ya dharura ya safari inayotolewa na Uhamiaji, na namba ya NIDA aliyoikariri au aliyoipiga picha haimvushi. Kwenye vituo vya pamoja vya mpakani, kama Namanga, taratibu za kutoka nchi moja na za kuingia nyingine hufanyikia ndani ya jengo moja, upande wa nchi unayoingia. Msafiri wa basi aliyezoea utaratibu wa zamani huweza kupigiwa muhuri mmoja akadhani amemaliza, kumbe dirisha la pili liko hatua chache mbele yake. Kabla ya kurudi ndani ya basi, fungua pasipoti uhakikishe mihuri yote miwili imo, na kwamba tarehe inasomeka.

Kabla ya kukata tiketi, ikague pasipoti kwa macho ya mtu anayetafuta sababu ya kukuzuia. Nchi nyingi hutaka iwe na muda usiopungua miezi sita, na baadhi hutaka kurasa tupu za viza na mihuri. Ukurasa uliolowa, uliochanika au uliochorwa kalamu na mtoto huweza kuleta maswali hata kama taarifa zote ni sahihi. Ikiwa viza yako ya kubandikwa, kwa mfano ya Marekani, bado ina muda lakini imo kwenye pasipoti iliyokwisha, beba pasipoti zote mbili, ya zamani na mpya.

Nakala zina kazi yake. Toa fotokopi mbili za ukurasa wa picha: moja iwe kwenye begi tofauti na lile lenye pasipoti, nyingine ibaki kwa mtu wa nyumbani ambaye hupokea simu. Nakala ya tatu iwe simuni. Hoteli inayotaka kubaki na pasipoti yako usiku kucha iombe ichukue fotokopi, na mara nyingi itakubali.

Kadi ya njano

Hati inayodharauliwa kuliko zote ni cheti cha chanjo ya homa ya manjano, ambacho watu wamezoea kukiita kadi ya njano. Ifungue uisome mstari kwa mstari. Juu pana jina, tarehe ya kuzaliwa, jinsi, uraia na namba ya kitambulisho, halafu pana mahali pa saini ya mwenye kadi, ambapo wengi hupaacha patupu kwa miaka mingi. Chini yake pana jedwali: ugonjwa unaochanjiwa, tarehe, saini ya mtaalamu aliyechanja, mtengenezaji na namba ya toleo la chanjo, muda wa cheti, na muhuri rasmi wa kituo. Kadi yenyewe hueleza kwamba mabadiliko, mafuto au sehemu iliyoachwa wazi vinaweza kuibatilisha. Jina lililokosewa, kwa hiyo, lisirekebishwe kwa kalamu nyumbani. Rudi kwenye kituo kilichokuchanja, uandikiwe nyingine.

Cheti huanza kuwa halali siku 10 baada ya chanjo, na hapo ndipo wanaokimbilia kuchanjwa siku mbili kabla ya safari hukamatikia. Kuanzia tarehe 11 Julai 2016 uhalali wake ni wa maisha yote, hata kwa kadi za zamani zilizoandikwa miaka 10, kwa hiyo hakuna haja ya kuchanjwa upya kwa sababu tu muda ulioandikwa umepita. Jambo jingine la kuangalia ni njia utakayopita. Kenya, Uganda na Ethiopia zimo katika orodha ya nchi zenye hatari ya kuambukizwa ugonjwa huo, na nchi unayokwenda inaweza kukudai kadi kwa sababu tu ulisubiri ndege ya kuunganisha kwa zaidi ya saa 12 katika uwanja wa nchi kama hizo.

Kanuni za Kimataifa za Afya zilizorekebishwa mwaka 2024 na kuanza kutumika tarehe 19 Septemba 2025 zinatoa nafasi kwa vyeti vya afya vya kidijitali. Hata hivyo, kanuni kuruhusu ni jambo moja, na dawati la afya la uwanja unaoshukia kuwa na kifaa cha kukihakiki cheti hicho ni jambo jingine. Beba kadi yenyewe. Usiitie laminesheni, kwa sababu mistari iliyobaki mitupu ni ya chanjo zitakazofuata, na ofisa hupenda kuugusa muhuri kwa kidole chake. Ichomeke ndani ya pasipoti, viende pamoja.

Tiketi, viza na vinginevyo vilivyomo kwenye kompyuta za wengine

Tiketi ya karatasi ya ndege ilikoma rasmi kwa mashirika yaliyo chini ya IATA, chama cha kimataifa cha mashirika ya ndege, tarehe 1 Juni 2008. Unachotumiwa na wakala siku hizi ni maelezo ya tiketi, nayo tiketi yenyewe imo kwenye mfumo wa shirika. Ndani ya maelezo hayo kuna vitu viwili vya thamani: msimbo wa nafasi wenye herufi na tarakimu sita, na namba ya tiketi yenye tarakimu 13, ambazo tatu za mwanzo hulitambulisha shirika. Ukiona msimbo wa nafasi bila namba ya tiketi, basi kiti kimeshikwa lakini tiketi haijatolewa, na nafasi hiyo itafutwa muda wake ukipita. Usiridhike na picha uliyotumiwa kwa WhatsApp. Ingia mwenyewe kwenye tovuti ya shirika, andika msimbo na jina la ukoo, uone safari yako kwa macho yako. Kisha viandike vyote viwili kwenye kikaratasi. Ukifika kaunta na pasipoti na kikaratasi hicho, hata simu ikiwa imezimika, utapatikana.

Kwa nini basi uchapishe maelezo ya tiketi? Kwa sababu wakaguzi hawafanani. Mhudumu wa shirika ataiona tiketi yako kwenye kompyuta yake, lakini ofisa uhamiaji wa nchi unayoingia, anapokuuliza utaondoka lini, hana njia ya kuingia kwenye mfumo wa shirika hilo. Yeye anahitaji kitu cha kusoma, na ukurasa mmoja wenye tarehe ya kurudi humaliza mazungumzo mapema kuliko simu inayotafuta mtandao wa wageni.

Ni vyema kuelewa kazi ya mhudumu wa kaunta, kwa sababu wengi humwona kama mpokea mabegi. Abiria akikataliwa kuingia nchi aendako, shirika lililompakia ndilo hulazimika kumrudisha, na mara nyingi hutozwa faini juu yake. Ndiyo maana mhudumu huangalia kwanza masharti ya nchi hiyo kwenye mfumo wa IATA uitwao Timatic, kisha akadai pasipoti, viza, tiketi ya kurudi na pengine kadi ya njano. Mlango wa kwanza wa Mumbai, Dubai au London uko hapo Julius Nyerere, Jengo la Tatu, na anayeulinda hana mamlaka ya kukuonea huruma.

Chukulia safari ya matibabu ya India, ambayo familia nyingi za Afrika Mashariki zinaifahamu. Viza ya kielektroniki ya matibabu huombwa mtandaoni, huruhusu kukaa siku 60 na kuingia mara tatu, na wasindikizaji wasiozidi wawili wanaweza kuombewa viza yao chini ya mgonjwa huyohuyo. Kinachofika kwa barua pepe ni kibali cha kusafiria. Viza yenyewe hutolewa ukifika, baada ya kupigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole, na msafiri huelekezwa awe na kibali hicho mkononi. Hapa napendekeza karatasi bila kusitasita: nakala moja kwa mgonjwa na nyingine kwa kila msindikizaji, kila mmoja akibeba ya kwake, kwa kuwa mgonjwa huweza kutangulizwa kwa kiti cha magurudumu huku simu yenye hati zote imebaki kwenye foleni nyuma yake.

Kosa la kawaida katika viza za namna hii hutokea siku ya kujaza fomu. Herufi O huandikwa mahali pa sifuri, majina matatu hupunguzwa kuwa mawili, Mwanaidi akawa Mwanaid. Mfumo hauulizi, hupokea tu, na viza hutoka ikiwa na namba ya pasipoti isiyokuwepo duniani. Weka pasipoti na kibali mezani, usome namba zote mbili tarakimu kwa tarakimu kwa sauti, na mtu mwingine akifuatilia. Angalia pia kwamba uliomba kwenye tovuti ya serikali: ya India huishia na .gov.in, na za Kenya na Tanzania huishia na .go.ke na .go.tz. Tovuti za madalali zinazofanana nazo zipo tele, nyingine hutoza maradufu na nyingine hazirudishi kitu. Ukibadilisha pasipoti baada ya kupata viza, viza hiyo haitahamia yenyewe kwenye pasipoti mpya.

Kwa wanaokwenda Kenya, raia wa nchi nyingi za Jumuiya ya Afrika Mashariki hawahitaji kibali cha kielektroniki kilichochukua nafasi ya viza Januari 2024. Lakini msamaha huo hufuata uraia, haufuati makazi. Mke au mume mwenye pasipoti ya nchi nyingine, hata kama ameishi Arusha miaka mingi, aangalie masharti ya pasipoti yake mwenyewe.

Uingereza imekwenda mbali zaidi. Kadi za ukaazi zilizokuwa zikitolewa huko zilifikia mwisho wake tarehe 31 Desemba 2024, na sasa hadhi ya mkaazi imo kwenye akaunti ya mtandaoni iliyounganishwa na pasipoti yake. Anayeishi Leicester na kuja likizo Zanzibar hana tena kadi ya kumwonyesha mhudumu wakati wa kurudi. Afanye mambo mawili kabla ya kuondoka: ahakikishe pasipoti anayosafiria ndiyo iliyosajiliwa kwenye akaunti, na atoe msimbo wa kuonyesha hadhi yake, ambao hudumu siku 90, auandike kwenye karatasi. Kwa upande wa nchi za Schengen, yaani zile za Ulaya zinazotumia viza moja, mfumo wa kusajili wageni kwa picha na alama za vidole ulianza tarehe 12 Oktoba 2025 ili uchukue nafasi ya mihuri. Asiyepigiwa muhuri hana kitu cha kuonyesha aliingia lini, kwa hiyo atunze pasi za kupandia ndege na tiketi mpaka safari iishe.

Pasi ya kupandia ndege nayo inavutwa huku na huku. Ryanair ya Ulaya iliacha pasi za karatasi tarehe 12 Novemba 2025 na kutaka ya simuni peke yake, ilhali viwanja vingine bado havipokei ya simuni. Anayeondoka Afrika Mashariki kwa viza atalazimika kupita kaunta kwa vyovyote, basi achukue ya karatasi akiwa hapohapo. Asiipige picha na kuiweka kwenye status: msimbo uliochorwa humo una jina na msimbo wa nafasi, na vitu hivyo viwili vinamtosha mtu mwenye nia mbaya kuifungua safari yako na kuichezea.

Mahali pengine simu haina mbadala. Kibali cha kuingia Rawdha katika Msikiti wa Mtume, Madina, huombwa kwa programu ya Nusuk, na anayekwenda Umra na mzazi asiyetumia simu janja apange mapema nani atamsaidia kujisajili. Kwa treni, mambo ni mepesi: ukinunua tiketi ya Madaraka Express ya Kenya kwa simu, huichapisha kwenye mashine stesheni, na kitambulisho ulichonunulia ndicho utakachoulizwa.

Hati za saini na muhuri

Kundi hili ni dogo, lakini halina kompyuta ya kulitetea. Mama anayesafiri na mtoto bila baba, au baba bila mama, abebe cheti cha kuzaliwa cha mtoto na barua ya ridhaa ya mzazi aliyebaki, iliyosainiwa mbele ya wakili au kamishna wa viapo, ikiwa na nakala ya kitambulisho cha mzazi huyo na namba yake ya simu. Mwanamke ambaye jina la tiketi ni la ndoa na la pasipoti ni la kwao abebe cheti cha ndoa, ingawa dawa ya kweli ni kuibadilisha tiketi ifanane na pasipoti. Hati hizi zibebwe halisi, kwa sababu muhuri uliopigwa picha haumwambii mkaguzi kama ulipigwa kwenye karatasi hiyo au ulibandikwa kwa kompyuta.

Dawa zinahitaji uangalifu wa pekee. Baadhi ya dawa za maumivu, hasa zenye codeine au tramadol, zimo chini ya udhibiti mkali katika Falme za Kiarabu na huhitaji kibali kabla ya kuingia nazo. Anayezitumia abebe barua ya daktari yenye saini, muhuri na majina halisi ya dawa, pamoja na cheti cha dawa, na asizitoe dawa kwenye paketi zake za asili.

Anayevuka mpaka kwa gari abebe kadi ya gari halisi, barua ya idhini ya mwenye gari kama si lake, na bima ya kuvuka mpaka ya COMESA, yaani soko la pamoja la nchi za Mashariki na Kusini mwa Afrika, ambayo nayo watu huiita kadi ya njano na hivyo kuichanganya na ile ya chanjo. Tanzania si mwanachama wa COMESA, lakini imo katika mpango huo wa bima.

Kuiandaa simu

Usimtumie mtu viza kama picha ya WhatsApp, wala usikubali kutumiwa hivyo. Picha hubanwa ili iende haraka, na maandishi madogo hufifia mpaka tarakimu 3 na 8 zisitofautike. Tuma na upokee kama faili la PDF. Kila faili lipe jina linaloeleweka, lenye jina la msafiri na aina ya hati, uyaweke yote kwenye folda moja iliyo ndani ya simu yenyewe na nakala nyingine kwenye hifadhi ya mtandaoni. Kisha weka simu katika hali ya ndegeni na ufungue faili moja baada ya jingine. Lisilofunguka hapo sebuleni kwako halitafunguka kaunta.

Kuna mtego ambao wengi huugundua wakiwa ugenini. Barua pepe, benki na akaunti za viza hutuma msimbo wa uthibitisho kwenye laini ya nyumbani. Ukiitoa laini hiyo ukaweka ya nchi uliyofikia, msimbo haukufikii, na akaunti hubaki imefungwa. Washa huduma ya kutumia laini nje ya nchi kabla ya kuondoka, au ingia kwenye akaunti zote muhimu mapema na kupakua kila kitu.

Benki ya chaji (power bank) ibebwe kwenye begi la mkononi, kwani haziruhusiwi kwenye mizigo ya chini ya ndege, na kikomo cha kawaida kisichohitaji idhini ya shirika ni 100 Wh, ambayo ni karibu 27,000 mAh. Unapompa ofisa simu asome hati, ibandike programu iliyofungua hati hiyo ibaki peke yake kwenye skrini kupitia mipangilio ya simu, ili kidole kikiteleza kisifungue picha na ujumbe wako. Mpe nakala ya faili zote msafiri mwenzako mwenye simu nyingine.

Wasioona sababu ya tahadhari hizi watazame kalenda ya karibuni. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 umeme ulikatika karibu Kenya nzima, na uwanja wa Jomo Kenyatta ukakaa gizani kwa saa kadhaa. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini zilikatika na intaneti ikazorota Afrika Mashariki. Tarehe 19 Julai mwaka huohuo hitilafu ya programu ya CrowdStrike, kampuni ya usalama wa kompyuta, iliangusha mifumo ya mashirika ya ndege duniani, na nchini India abiria waliandikiwa pasi kwa kalamu. Tarehe 29 Oktoba 2025 intaneti ilizimwa Tanzania kwa siku kadhaa. Katika kila tukio, aliyekuwa na karatasi alikuwa na mahali pa kuanzia mazungumzo.

Steshenari na bahasha

Watu wengi huchapishia hati steshenari, kwenye kompyuta inayotumiwa na mtaa mzima. Faili hupakuliwa, huchapishwa, mteja hulipa na kuondoka, huku pasipoti yake ikiwa imebaki kwenye folda ya vilivyopakuliwa pamoja na CV na vyeti vya watu wengine. Kabla ya kutoka, simama nyuma ya mhudumu umwombe afute faili zako, pia kwenye kapu la taka la kompyuta. Ikiwa ulifungua WhatsApp au barua pepe kwenye mashine hiyo, iondoe kutokea simuni mwako, uone mwenyewe kifaa kikitoweka kwenye orodha. Nyeusi na nyeupe inatosha, hata kwa misimbo ya QR, mradi wino haujafifia na karatasi haikunjwi katikati ya msimbo. Chapisha upande mmoja tu.

Panga karatasi kwenye bahasha ya plastiki kwa mfuatano wa watakaoziuliza: viza na tiketi juu kwa ajili ya kaunta, kisha anwani ya unakofikia na tarehe ya kurudi kwa ajili ya uhamiaji, kisha hati za saini. Chini kabisa weka karatasi ya namba za simu za watu watatu, ubalozi wa nchi yako na mahali unapofikia, zilizoandikwa kwa mkono. Bahasha isiingie kwenye begi linalopimwa uzito na kupelekwa chini ya ndege.

Pasipoti ikipotea

Nenda kwanza polisi wa mahali ulipo upate taarifa ya upotevu kwa maandishi, kisha ubalozini ukiwa na taarifa hiyo, fotokopi ya pasipoti, picha ndogo na uthibitisho wowote wa uraia. Hapo ndipo ile fotokopi iliyobaki nyumbani inapofanya kazi, kwani namba ya pasipoti na tarehe ya kutolewa kwake humwezesha ofisa wa ubalozi kukutambua na kukuandalia hati ya dharura ya kukurudisha. Ikiwa viza yako ilifungamana na pasipoti iliyopotea, uliza pia kwa mamlaka za nchi uliyopo namna ya kutoka, kwa kuwa baadhi hutaka kibali kabla ya kuondoka na hati mpya.

Ukishaitolea taarifa, usiitumie tena hata ukiipata kesho yake chini ya kiti cha teksi. Nchi iliyoitoa huweza kuiingiza katika hifadhidata ya Interpol ya hati zilizoibwa na kupotea, iliyoanzishwa mwaka 2002 na kusomwa na mipaka ya nchi nyingi, na pasipoti ikishaingizwa humo, mashine itaikataa hata kama kitabu ni kizima, chipu inasomeka na sura ni yako. Irudishe ubalozini au ofisi ya uhamiaji ya kwenu, usafiri kwa ile uliyopewa badala yake.